Kofia ya Ami Khalfan

Siku ya tatu ya matanga ya Shangazi Zamzam, wanawake walipokwisha kuondoka na masinia yote yamerudi jikoni, Ami Khalfan alikuja kusimama mlango wa nyuma akaniita. "Raya, njoo mara moja, mwanangu." Yeye ni mdogo wake marehemu na ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa Bibi, na siku hizi anatembea kwa bakora. Mkononi alikuwa na mfuko wa duka la dawa umefungwa fundo. "Chukua," alisema. "Watoto wangu hawaijui kazi yake. Wataivalia kuoshea gari." Nilijua kilichokuwamo kabla sijaufungua. Ilikuwa kofia yake ya harusi, imekunjwa mara mbili, uzi wake uliokuwa mweupe sasa umegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka sana. Niliipitishia kidole juu, kwenye mstari wa mwisho wa duara, nikaukuta pale pale nilipouacha. Nyuzi zimezunguka kinyume.  Nilisema ahsante, nikarudi kuosha vyombo.

Tangu nirudi kwangu Sur nimekuwa nikiandika haya kidogo kidogo, mistari michache baada ya sala ya asubuhi, kwa sababu kalamu hainiendei mbio. Nilisoma mpaka darasa la sita, basi. Lakini Shangazi Zamzam alikuwa mtu wa mwisho niliyedhani analijua jambo hili pamoja nami, na sasa yuko chini ya mchanga wa Ibra. Mama yangu alimtangulia zamani. Nikinyamaza mimi, itabaki kofia tu, na kofia haisemi. Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule mmoja, tangu Idi ndogo mpaka Ramadhani iliyofuata, nilipokuwa na miaka kumi na tano na kazi yangu ilikuwa kukaa na Bibi.

Chumba cha Bibi kilikuwa cha mwisho ukipita uani, kina dirisha moja, na kwenye dirisha hilo wametia kiyoyozi kilichonguruma kama trekta, hata ukitaka kusema neno lazima usogee. Mimi kelele hiyo nikiipenda. Nilikuwa msichana wa haya. Skuli niliacha kwa sababu kila mwalimu aliponisimamisha nisome, Kiarabu changu kilitoka na sauti ya Unguja walikotoka wazee wetu, na wasichana wakainamisha vichwa juu ya madaftari mabega yakitikisika. Nilipokataa kurudi, nyumba nzima ilinisema, isipokuwa Bibi. Alisema, "Mwacheni akae na mimi. Sindano haimcheki mtu." Basi nikakaa. Palikuwa na kitanda chake kirefu cha mbao, sanduku lake, mto mdogo wa kuchomekea sindano, subana ya shaba ya kukinga kidole, iliyoliwa upande mmoja, na kopo la biskuti lenye nyuzi. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa ya tangawizi na mkate wa kumimina, tukapangusa mikono vizuri, kisha kazi ikaanza. Bibi alikuwa akidarizi kila kitu: foronya, pindo za shuka, vitambaa vya kufunikia sinia. Lakini kilichompa jina ni kofia.

Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kwanza unachora viua kwa penseli. Halafu unatoboa vitundu kwa sindano nene, na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kikaze mdomo wake kisifumuke. Kofia moja ina vitundu mamia kwa mamia. "Kikiwa kikubwa, hilo dirisha," Bibi alikuwa akiniambia. "Kikiwa kidogo, hapo umechoma mbu. Sawasawa ndiyo kofia." Tatizo langu mimi lilikuwa shoto. Kula nilifundishwa kulia, na kusalimia kulia, lakini sindano ilikataa. Bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa upindo wa kanga, akajaribu mwezi mzima, mwisho akachoka. Kosa la mkono wa shoto ni kuwa uzi huzunguka upande wake. Ukiitazama kofia kwa mbali huoni, ukiipapasa unahisi, kama nywele zilizochanwa kinyume. "Fundi yeyote atajua si kazi yangu," alisema Bibi. "Shona foronya wewe. Kofia tutaona."

Na ilikuwa desturi ya nyumba yetu kwamba hakuna mwanamme wetu aliyeingia kwenye nikaha bila ya kofia ya mkono wa Bibi. Alikwisha kuwashonea wote. Alibaki Ami Khalfan, kitinda mimba, ambaye wakati ule alifanya kazi Sur na kuja nyumbani Alkhamisi. Mwaka ule akaposa Nizwa, kwenye nyumba ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na nikaha ikapangwa Shaabani. Idi ilipokwisha tu, Bibi alikata kitambaa. "Hii ya mwisho," alisema, "na ya mwisho ndiyo inayokumbukwa."

Sijui macho yake yalianza lini. Nikiyafikiri sasa naona dalili zilikuwa zimetuzunguka na sisi tukizipita kama watu wanavyopita viatu mlangoni. Alianza kunitaka nimtungie uzi kwenye sindano kumi, kisha ishirini, nizipange kwenye mto kila asubuhi kabla ya chai. Nilidhani ananifundisha subira. Alianza kujigonga kwenye mlango uliofunguliwa nusu na kuulaani mlango. Jumatano tulikwenda soko la wanawake la Ibra, lile ambalo mwanamme hatii mguu, na Bibi alilipenda kwa sababu aliweza kukaa mkekani, kofia mbili tatu mbele yake, akabishana na mabedui bei ya nyuzi nusu kwa Kiarabu, nusu kwa Kiswahili. Alikuwapo mmoja jina lake Moza, mwanamke mrefu wa barakoa aliyeuza ubani na samli, akizinunua kofia za Bibi kuwapelekea watu wa Sinaw. Jumatano moja, Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, alichukua kofia akaigeuza, akaileta karibu na barakoa yake.

"Hajja," alisema, "hii umeshona wewe au umemwachia mbuzi?"

"Mbuzi wako huyo," Bibi alimjibu. "Wangu hajui kushika sindano, anajua kula tu, kama bwana wako."

Wanawake wote wa safu ile walicheka, na Moza pia. Lakini kofia aliirudisha chini, hakuitia kwenye kapu lake. Nilipokuwa nakunja mkeka alinishika mkono wa nguo akasema polepole ili Kiarabu changu kifahamu, "Binti, bibi yako haoni. Waambie watu wako." Niliitikia kwa kichwa. Njiani Bibi alisema jua la leo lilikuwa kali, limemuumiza macho, na mimi nikasema ndiyo, lilikuwa kali.

Sikumwambia mtu. Sikuwa na haja, kwani walikwisha kujua. Siku mbili tatu baadaye nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa jikoni na bakuli la mchele, nikasikia jina la kofia nikasita. Shangazi Zamzam alikuwa anakata nguru aliyeletwa na gari ya barafu kutoka Sur, na mama yangu anakanda unga wa mahamri.

"Umeiona ile kofia?"

"Nimeiona."

"Viua vinatembea, mama Raya. Kimoja kinakwenda Nizwa, kimoja kinarudi Unguja."

Mama alicheka, kisha akajizuia. "Mwambie basi. Wewe ndiye mkubwa wao."

"Nimwambie nini? Nimwambie, 'Mama, huoni'? Kwa ulimi gani? Mtu mzima anasitiriwa, hatolewi aibuni. Yeye alitusitiri sisi mara ngapi?"

"Na Khalfan?"

"Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Mama yake bibi harusi anashona kofia, Nizwa nzima inamjua. Siku ya pili Khalfan atakaa kwake kula, kofia i juu ya kichwa. Atatazama nini huyo mwanamke ila kofia?" Kisu kilipiga ubao. "Raya ana mkono. Shoto, lakini ana mkono."

"Raya yupo mlangoni," alisema mama bila ya kugeuka.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sikuambiwa nimdanganye Bibi. Hakuna aliyelitamka neno hilo, na mimi pia sikulitamka moyoni. Niliambiwa nimsitiri. Shangazi alinifuta unga shavuni kwa kidole gumba, akasema, "Mchana akilala, chukua kofia. Alivyovikosea fumua, virudie pale pale penye penseli. Na ushone kulia, mwanangu, kulia, Bibi asiguse akajua." Nilijivunia. Ukweli lazima niuseme hapa, kwa sababu nimekaa nao miaka mingi. Nilikuwa mtoto ambaye nyumba nzima ilimsema kwa kuacha skuli, na sasa nyumba nzima inanihitaji.

Kazi niliifanya ghala la tende. Palikuwa na tundu moja la hewa juu ukutani, na mwanga wake uliangukia magunia kwa saa mbili tu, baina ya chakula cha mchana na alasiri, lakini ulinitosha. Niliketi juu ya gunia, wembe mkononi, nikikata nyuzi za Bibi moja moja. Asali ya tende ilinuka mpaka kooni. Vitundu vyake vilikuwa vimetoka nje ya alama, vingine viwili vimeingiliana, kimoja hakikutobolewa kabisa, amezungushia uzi pahali patupu. Nilipokiona hicho nililia kidogo, halafu nikakifumua. Mkono wa kulia uliniuma mpaka begani. Mwezi wa kwanza nilishona vitundu vitano kwa mchana mmoja, baadaye kumi. Vile alivyoshindwa kunifundisha Bibi kwa upindo wa kanga, nilijifunza peke yangu kwa ajili ya kumghilibu.

Asubuhi Bibi aliichukua kofia, akapitisha kidole juu ya kazi ya jana kabla ya kuendelea. Nilikuwa natunga uzi, jicho kwenye kidole chake. Siku ya kwanza kidole kilipita, kikarudi, kikapita tena. "Mashallah," alisema. "Hebu tazama. Nilidhani jana nimeharibu, kumbe wapi." Baada ya wiki akaanza kuwatangazia watu kwenye chai. "Mkono wangu umerudi, Zamzam. N'nashona kama msichana." Na kweli, alichangamka. Alikula, alinitania, aliagiza papa mkavu kutoka Sur apikwe kwa nazi kama wa kwao. Shangazi alinitazama juu ya kikombe akanikonyeza, nami nikaona tumefanya jambo jema. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anayeambiwa kila asubuhi na kidole chake mwenyewe kuwa anaona, hataitafuta dawa ya kutoona.

Halafu ikaja Alkhamisi ile. Ilikuwa Mfungo Sita. Ami Khalfan alikuwa amefika kutoka Sur, ameoga, kanzu yake ametundika nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi, mwenyewe amekaa pembeni ya kitanda akinywa kahawa. Bibi akaigeukia kanzu. "Khalfan," aliiambia, "umekula, baba?" Ami aliniangalia mimi, niliyesimama na sinia. Akaweka finjani chini.

"Nipo huku, mama."

"Najua upo huko. N'nakuuliza umekula?"

"Nimekula. Mama, Jumamosi naomba ruhusa kazini. Twende Maskati hospitali, wakupime macho."

"Macho yangu yana nini?"

"Wapime tu. Pengine miwani."

"Miwani ya nini? Raya, lete kofia."

Niliweka sinia chini, nikaifuata kwenye kopo la biskuti, nikampa. Aliikunjua mbele ya uso wa mwanawe kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha hati. Ilikuwa imefika zaidi ya nusu. Viua vimesimama safu moja, vyote sawa, kazi yangu ya ghalani kitundu kwa kitundu. "Asiyeona anashona hivi?" alisema Bibi. Ami aliitazama kwa muda mrefu. Aliipapasa. Shangazi Zamzam alikuwa mlangoni, naye akawa anaangalia miguu yake. "Mnanifanya mzee," Bibi aliendelea, akicheka. "Raya, wewe unakaa na mimi kutwa. Mwambie ami yako. Nani kashona hii?"

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Nilikuwa na nafasi, wallahi nilikuwa nayo, ndefu kama njia ya Nizwa. Nikasema, "Wewe, Bibi."

"Umesikia?" alisema Bibi.

Ami hakuitaja tena hospitali. Jumamosi alirudi Sur.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, nikipika, nikingojea chai ichemke, na kila mara nalibadilisha. Namwambia kwa sauti ndogo ili Ami asisikie. Namwambia baadaye tukiwa peke yetu. Au nakimbilia nje nisijibu, hata hilo lingetosha, kwani Ami hakuwa mjinga. Lakini nilikuwa nimelelewa kuona kuwa kumkosoa mtu mzima mbele ya watu ni kumvua nguo. Watu wetu walipokuja huku walikuwa wamekwisha kupoteza vitu vingi, hata wakaishika heshima kama mtu anavyoshika mzigo wa mwisho kwenye kilango cha meli. Sisemi walikosea kuishika. Nasema siku ile nilimfunika Bibi mpaka macho.

Rajabu ilipomalizika kofia ilibaki mstari mmoja, ule wa juu kabisa wa duara. Bibi akashikwa na homa, akalala wiki nzima, na safari ya Nizwa ikawa imebaki siku nne. "Imalize wewe, Raya," alisema. "Mstari mmoja si kitu." Mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba kwa kazi ya mwezi ule. Muda hakuna. Nikajiambia mstari huu ameniruhusu mwenyewe, basi ni halali, nikaushika kwa shoto. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima sindano ikaenda kama maji. Niliumaliza kwa mchana mmoja.

Nizwa tulifika Alkhamisi, magari matatu, na tukapokelewa kwenye nyumba karibu na soko, chumba cha wanawake kimejaa, halwa na kahawa zinazunguka hazisimami. Kabla ya wanaume kwenda msikitini, Ami Khalfan aliingia kuombewa dua na mama yake. Alikuwa amevaa bishti jeusi, joho la pindo la dhahabu, uso unamng'ara kwa jasho na haya. Bibi aliiomba kofia. Nikamtia mikononi. Alisema Bismillahi, akaanza kuizungusha, kidole chake kikipita chini, kwenye ukanda, taratibu, kikapanda juu, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma uradi. Kwenye mstari wa mwisho kidole kilisimama. Kikarudi nyuma. Kikateremka mstari wa pili yake, kikasimama hapo muda mrefu zaidi. Kisha alinyanyua mikono akamvisha mwanawe, akampiga kidogo juu ya utosi. "Nenda, baba." Nje binamu yake alimfunga kilemba juu ya kofia, kama wanavyofunga mabwana harusi wote, na chini yake ukabaki ukingo mwembamba kama upana wa kidole. Hata siku ya pili kwenye chakula hakukivua. Na yule mama yake bibi harusi, aliyetukosesha usingizi mwaka mzima, alikuwa analia kwa kuwa mwanawe anaondoka. Hakumtazama mtu yeyote kichwa.

Tukirudi tulisimama Birkat al Mauz. Mama na Shangazi waliteremka kununua ndizi, dereva akenda kusali, nikabaki na Bibi kiti cha nyuma. Gari ilisimama karibu na mfereji wa falaji, na maji yalisikika yakipita chini ya ukuta wa shamba.

"Nipe mkono," alisema Bibi. Nikampa. "Siyo huo. Ule mwengine." Alizipapasa ncha za vidole vyangu vya shoto, na ndivyo vilivyokuwa laini. Akachukua tena vya kulia, vilivyokuwa vigumu kama kwato kwa sindano ya ghalani, akavipapasa kimoja kimoja. "Mstari wa mwisho wako. Huo nilikupa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mistari mingine?"

Maji ya falaji yalikuwa yanapita. "Yote, Bibi," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Mfungo Nne."

Hakuuliza nani aliyenituma. Alikaa na mkono wangu juu ya mapaja yake, akitazama mbele, kwenye kile nilichodhani ni barabara. "Basi mimi sioni," alisema. Alilisema kama mtu anayepewa habari ya mgeni aliyefika zamani, watu wote wameshampa mkono isipokuwa yeye. Shangazi Zamzam akafungua mlango, kichane cha ndizi kifuani. "Mama, tamu hizi, kama za kwetu." Bibi akasema, "Nimenyee moja, unitie mkononi."

Wiki ile ile Ami alimpeleka Maskati, na Bibi akataka mimi niwe pamoja naye. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, alimtazama macho yote mawili kwa mashine, akarudia. Akasema ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni, taratibu, mwenyewe hana habari mpaka imefika kati. Ipo dawa ya matone ya kuizuia isiendelee, lakini kilicholiwa hakirudi. "Mngemleta miezi mitano nyuma," alisema, "kingebaki kingi." Nikaona midomo ya Ami inahesabu miezi. Mimi sikuhesabu. Niliijua ilikuwa Alkhamisi gani.

Kofia Bibi hakuigusa tena. Niliogopa kwamba hataki kuniona, lakini Ramadhani ilipoingia aliniita, akaniambia niende kwa kila mtu wa nyumba nimwombe nguo yake moja kuukuu. Alitaka kushona mfarishi. Nguo za viraka zikiunganishwa na kutiwa pamba kati hazihitaji macho makali, alisema, zinataka mstari ulionyooka na mtu wa kusema kweli. Tulikaa kwenye jamvi baada ya alasiri, tumefunga, nyumba inanuka sambusa, kitambaa kimetandazwa juu ya magoti yetu sote wawili. Alipapasa kila kipande. "Hiki cha nani?" "Cha Shangazi, kanga ya Idi." "Na hiki?" "Kanzu ya Ami." Kisha akashika sindano. "Nikitoka nje ya mstari, sema."

Mara ya kwanza alitoka kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe. "Umetoka, Bibi," nilisema.

"Fumua," alisema.

Nikafumua, akashona tena. Mwezi mzima tulikwenda hivyo. Umetoka, Bibi. Fumua. Alikuwa akicheka wakati mwengine. Mimi sikuweza. Niliyajua maneno hayo mawili ni mepesi kiasi gani, na yangekuja mapema yangefanya nini. Aliishi miaka minane baada ya hapo, na mitano ya mwisho hakuijua tofauti ya mchana na taa. Msamaha sikumwomba. Kila siku niliandaa neno, na kila siku alinitangulia kwa kuniuliza nimekula nini.

Mfarishi uko kwangu Sur, kwenye kitanda cha mgeni, na sasa nimeiweka kofia juu yake. Siku ile ya matanga, kabla sijaondoka Ibra, nilimfuata Ami Khalfan barazani. Nilitaka kumwambia, madhali Shangazi amekwisha kuzikwa. Nilianza vibaya, nikataja Alkhamisi, nikataja kanzu mlangoni. Alinyanyua mkono.

"Najua, Raya."

"Unajua nini, Ami?"

"Mama aliniambia, mwaka ule ule. Akanikataza nisikwambie kuwa najua. Alisema mtoto ana haya, utamvunja." Alizungusha bakora mchangani. "Basi na mimi nikakusitiri."

"Miaka yote hii?"

"Yote." Akaisimamisha bakora. "Ile kofia kabla hujaifumua, alivyoishona mwenyewe. Ilikuwa mbaya sana?"

"Viua vilikuwa vinatembea."

"Ningeivaa," alisema. "Hata ingekuwa imeliwa na panya, ningeivaa. Hakuna aliyeniuliza."

Nina mjukuu wa miaka kumi na mbili, Shamsa, anayelala kwangu siku za mwisho wa wiki na kunitungia uzi kwenye sindano. Kiswahili chake ni cha kuokotaokota. "Bibi, hii mzuri sana," huniambia juu ya kila ninachoshona, foronya, pindo, chochote. Nina miaka sitini sasa, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe umeanza kunikimbia. Juzi nilimkalisha mbele yangu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia siku nikitoka nje ya mstari aniambie, hapo hapo, hata kama pana watu, hata kama mama yake amemwambia anyamaze. Akasema, "Haya, Bibi." Alilisema ameinamisha macho, kwa sauti ndogo, sawasawa na nilivyokuwa nikilisema mimi. Tangu siku hiyo, asubuhi, kabla sijaanza, naipitishia kidole kazi ya jana mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta mkono usio wangu.